Vitanda Vyenye Majina ya Ng'ombe

Wiki iliyopita nilirudisha ufunguo wa ofisi. Vijana wa idara ya kompyuta wakanipa keki, saa ya ukutani na agizo moja. Saa ya ukutani sijui ni ya nini kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa, lakini keki ilikuwa tamu. Agizo lilikuwa niwaandikie habari za miaka ya kwanza, wakati kiwanda chetu cha majani chai kilipoingiza kompyuta, kwa sababu eti mimi ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo mnayajua tayari, maana mnaweza kufungua kila faili mle ndani, na ninyi si watu wa kuona mlango wazi mkapita. Nitaandika juu ya sura ya skrini. Mnajenga programu za simu siku hizi, zinapendeza macho, lakini kila mara mtu akishindwa kuzitumia nawasikia mkisema, "Huyu hajui kutumia." Maneno hayo yananiudhi tangu miaka ya tisini, na hapa nitasema kwa nini.

Nilifika Kericho kutoka Kisii nikiwa na cheti cha kompyuta na sweta nyepesi. Nyumbani tunajua baridi, lakini ya huku huja mchana na mvua ya mawe juu yake, kama mgeni aliyekuja na mgeni mwenzake. Kiwanda kilikuwa upande wa Kiptere, kati ya mashamba, na chumba cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya magunia. Nje ya mlango palikuwa na viatu vimepangwa. Nikadhani nimekosea njia nikafika mahali pa ibada. Kumbe ilikuwa amri: hakuna kuingia kwa kompyuta na viatu. Ndani, mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, kile kile ambacho mama zetu hufunika redio na makochi. Mke wa karani mmoja alikishona kwa heshima. Kitambaa hicho kilikuwa kimeziba matundu ya hewa, mashine ikawa inazimika kila baada ya muda, na kila ikizimika watu walizidi kuiogopa na kuifunika vizuri zaidi.

Aliyenipokea alikuwa fundi wa umeme, Bwana Wekesa, Mbukusu mmoja mkubwa mwenye sauti ndogo. Mfukoni alibeba bisibisi ya kupimia umeme na tepu nyeusi, basi. Alisema kila kitu kiwandani kinaweza kutengenezwa kwa hivyo viwili, isipokuwa meneja. Wekesa hakujua kompyuta na hakujifanya anaijua. Lakini alinifundisha jambo ambalo chuoni hawakunifundisha. Siku ya kwanza nilipotaka kufungua swichi ya mashine ya kukata majani, alinishika mkono.

"Madam, kabla hujagusa mashine ya mtu, enda usimame pale yeye husimama," alisema. "Angalia vile yeye huangalia. Halafu sasa ndio ufungue."

Nilisimama. Niligundua kwamba mwenye mashine alikuwa akiinama chini ya bomba kila mara ili aione taa ya swichi, na ndiyo sababu alikuwa akichelewa kuizima. Wekesa akahamisha taa. Kazi ya muda mfupi tu, na mtu akaacha kuumwa mgongo.

Sasa niseme kuhusu ghorofa. Wageni wa majani chai wafahamu kwamba majani mabichi yakitoka shambani hayakatwi papo hapo. Kwanza hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, ghorofani, na chini ya kila kitanda feni hupuliza hewa hadi majani yanyauke na kulegea. Siku za mvua huongezwa hewa ya moto kutoka kwa boila. Usiponyausha vizuri, chai inakuwa ovyo. Ukimpa moto aliyekwisha kunyauka, majani yanaungua na kugeuka mekundu, na kitanda kizima kinakwenda kutupwa. Nimesema "aliye", ndiyo. Mtaelewa mbele.

Msimamizi wa ghorofa alikuwa Mzee Langat, Mkipsigis wa Kiptere, mrefu, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alikuwa ghorofani tangu feni zikiwashwa kwa mkono, moja moja. Alichukua majani, akayafinya kwenye kiganja, akafungua kiganja na kutazama jinsi yanavyojifungua, kisha akasema washa au zima. Mara nyingi alikuwa sawa. Mara nyingine hakuwa sawa, na siku hizo alilaumu mvua.

Ndipo kampuni moja ya Nairobi ikatuletea programu ya kuongoza feni na moto kwa kompyuta. Ilikuwa programu nzuri, sitaisema vibaya. Iliweza kuwasha na kuzima kila kitanda kwa kubonyeza kitufe. Skrini iliwekwa ghorofani, kwenye kibanda cha kioo juu ya ngazi, na juu yake palichorwa vitanda vyote, namba moja hadi kumi na mbili. Kilicho tayari kilikuwa kijani. Kisicho tayari kilikuwa chekundu. Injinia wa Nairobi alituonyesha asubuhi moja, akanywa chai yetu, akasema ni rahisi kabisa, akaenda zake.

Mwezi haukuisha, kitanda kikaungua. Mzee Langat alikuwa amewasha moto kwa majani yaliyokuwa tayari, huku yale mabichi ya kitanda kingine yakilala baridi. Muda si mrefu kikaungua cha pili. Meneja wetu, Bwana Rotich, alikuwa mtu wa maneno machache na yote mazito. Alituita ofisini mimi na Mzee Langat.

"Mzee, umefanya kazi muda mrefu na mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini hii system imekuja kukaa. Kama mtu hawezi kuitumia, itabidi nitafute mwenye anaweza. Moraa, mfundishe. Kitanda kingine kikiungua kabla mvua hii iishe, mzee atapumzika nyumbani."

Neno kupumzika lilisemwa kwa upole, lakini sote tulijua maana yake. Mzee Langat alikuwa na watoto wawili sekondari na wa tatu akisubiri. Zaidi ya hayo, alikuwa mtu ambaye kule sokoni Kiptere watu walimwita Langat wa Ghorofa. Akifukuzwa kwa sababu ya kushindwa na kompyuta, jina hilo lingegeuka kuwa kicheko cha soko zima. Tulipotoka nje alivaa kofia yake polepole.

"Mimi si mjinga, Moraa," aliniambia.

"Najua, mzee."

"Basi hiyo kitu ndio mjinga."

Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na uhakika. Nilikuwa bado nimelewa cheti changu.

Nikamfundisha, basi. Kila asubuhi alivua viatu vyake vya mpira mlangoni, akaketi mbele ya kibodi ofisini kwangu na soksi zake za sufu. Nilitaja namba, naye akabonyeza kwenye nakala ya programu ile, isiyounganishwa na feni. Kitanda cha tatu. Cha saba. Washa feni, zima moto. Baada ya siku chache alikuwa hakosi hata moja. Nikamwambia meneja mwanafunzi wangu amefuzu. Wiki hiyo hiyo, ghorofani, aliwasha tena moto kwenye kitanda kisichostahili, na ni Wekesa aliyekuwa akipita na ngazi yake aliyenusa harufu akakimbilia swichi kubwa ukutani. Majani yalipona. Wekesa hakumwambia mtu ila mimi.

Hapo nikakwama. Ofisini anapata zote, ghorofani anakosa. Nilifikiri labda ni hofu, labda ni macho, labda ni ukaidi wa wazee. Unaona jinsi ilivyo rahisi kutafuta kasoro kwa mtu. Sikufikiri hata kidogo kuhusu skrini, kwa sababu skrini ilikuwa safi, imepangwa, na imetoka Nairobi.

Ni Wekesa aliyenisukuma. "Umesimama pale yeye husimama?" aliuliza.

Nilikuwa sijasimama. Nilikuwa nikimfundisha kwenye kiti.

Nikapanda ghorofani siku ya majani mengi, nikakaa kwenye kona ya kibanda bila kusema neno. Jambo la kwanza niliona ni kwamba ili kuitazama skrini lazima uvipe vitanda mgongo. Jambo la pili lilinifanya nisimame. Mzee Langat aliingia kupitia ngazini, kama kila mtu, na kitanda cha kwanza kilikuwa kushoto kwake. Lakini mchoro kwenye skrini ulichorwa kana kwamba mtu ameingia kutoka upande wa pili, mahali palipo na ukuta mtupu, ambapo hajawahi kuingia mtu isipokuwa popo. Kwa hiyo cha kushoto ghorofani kilikuwa cha kulia kwenye skrini, na cha mbele kilikuwa cha nyuma. Aliyechora alikuwa na ramani ya jengo mezani kwake Nairobi, akaichora kama ilivyolala mezani. Ofisini kwangu, ambako hapakuwa na vitanda vya kulinganisha, kosa hilo halikuonekana.

Jambo la tatu nililisikia. Watu waliobeba magunia ya majani walikuwa wakipiga kelele kutoka huku na huku.

"Samoei amejaa! Peleka kwa Daisy!"

"Daisy ako tayari, wacha kumsumbua! Malaika ndio ako na njaa!"

Nilimwuliza Mzee Langat hao ni akina nani. Alinitazama kama mtu anayeulizwa watoto wake ni akina nani.

"Hii yote iko na majina," alisema, akionyesha vitanda kwa kidole. "Ile ya kwanza ni Lelgut. Halafu Samoei. Samoei ni mkali, bomba ya moto inapita karibu na yeye, ukimpa moto kidogo tu anachoma. Malaika ni mpole lakini mvivu, lazima uanze yeye mapema. Daisy ni kama ile ng'ombe ya gredi ya misheni, anakula pole pole lakini hakusumbui. Wewe huko kwenu hamna ng'ombe?"

"Tuko na ndizi, mzee."

"Ndizi haina tabia," alisema, na wenye magunia wakacheka mpaka mmoja akaketi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa Wakipsigis ng'ombe hahesabiwi tu, ana jina na tabia yake, na unamjua hata gizani. Watu wa ghorofa walikuwa wamevijua vitanda vyao vivyo hivyo, kwa miaka, na kweli kila kitanda kilikuwa na tabia yake kwa sababu ya mabomba, madirisha na mafeni ya rika mbalimbali. Sauti ikipigwa, "Samoei anataka moto!", Mzee Langat aligeuka kwenye skrini, na kwa kuwa Samoei ni wa pili kushoto, mkono wake ulikwenda wa pili kushoto. Pale kwenye skrini wa pili kushoto alikuwa Daisy, aliyekwisha kushiba. Ukiniuliza, hata mimi ningemchoma Daisy.

Nilishuka ngazi nikiwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyekuwa akitafuta miwani akaikuta usoni. Programu ile ilikuwa na sehemu ya kubadilisha sura ya skrini, ambayo hakuna aliyeigusa. Nikaanza kazi. Niligeuza mchoro wote uwe kama mtu aliyetoka ngazini. Wekesa akarefusha waya na kuigeuza meza, ili mtu akitazama skrini avione vitanda nyuma ya hiyo skrini kupitia kioo, kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia. Kisha nikaandika majina, makubwa, maana kioo kilikuwa na mvuke na vumbi la majani, na namba nikaziweka ndogo chini yake kwa ajili ya Nairobi.

Nikamwuliza Mzee Langat kuhusu rangi. Nilitegemea aseme ni nzuri.

"Kijani ndio nini?" aliuliza.

"Tayari."

"Sasa wewe, majani ya kijani ndio imetoka shamba saa hii. Iko tayari aje?"

Tulikaa pale na wenye magunia tukibishana. Mmoja alisema tuweke kahawia, mwingine akasema kahawia ni matope. Mzee Langat alitaka nyeupe, nami nikamwambia nyeupe haionekani kwenye ile skrini, akakataa mpaka nikamwonyesha. Mwishowe tuliacha rangi kabisa. Mtu wa ghorofa hutazama kina: majani mabichi huja juu hadi ukingo wa kitanda, na yakinyauka yanashuka. Nikachora kila kitanda kama kisanduku kilichojaa, kinachoshuka kidogo kidogo kadiri muda na hewa vinavyopita, na kikifika chini linatokea neno TAYARI. Mwalimu wangu wa chuoni angesema ni mchoro wa mtoto. Lakini watu waliopanda ngazi walielewa kabla sijafungua mdomo.

Jambo la mwisho niliongeza mwenyewe, na ndilo ninalojivunia hadi leo. Ukitaka kutia moto kitanda kilicho tayari, skrini haikutii mara moja. Inakuuliza kwanza, kwa Kiswahili. Wakati huo kila kitu kwenye kompyuta kilikuwa Kiingereza cha kugomba, kosa hili, kosa lile, na namba za kutisha. Mimi niliandika kama mtu anayezungumza na mwenzake.

Nairobi walipiga simu. Injinia alikuwa na adabu lakini aliumia.

"Lakini Moraa, numbers ni standard. Kesho akija mtu mwingine hajui hizo cows, itakuwaje?"

"Namba ziko chini ya jina. Na huyo mtu mwingine ataingia kwa ngazi, si kwa ukuta."

"Mlango uko upande huo?" aliuliza. Nilimpenda kwa swali hilo, kwa sababu hakubishana tena, akanifundisha hata namna ya kufanya maandishi yawe makubwa zaidi.

Bwana Rotich hakuwa rahisi hivyo. Alipanda, akaona jina la Daisy kwenye mashine ya kampuni, akakunja uso.

"Hapa tunaleta wageni, wanunuzi. Watasema hii ni factory ama ni zizi?"

"Wageni hawawashi feni, sir," nilisema.

Wekesa alikohoa ili asicheke. Meneja mwenyewe alikuwa na ng'ombe wa maziwa nyumbani, na kila mmoja alikuwa na jina, lakini hilo hakutaka lijulikane kazini. Alisema tujaribu mpaka mvua iishe, na sharti lake kwa mzee liko pale pale.

Mvua ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Majani yalikuja kwa malori mpaka yakamwagwa kwenye sakafu, kila kitanda kimejaa, moto ukihamishwa kutoka huku kwenda kule mchana kutwa. Nilipanda ghorofani kila siku, nikijisingizia napangusa skrini. Mzee Langat alikuwa akifanya kazi kwa macho, akitazama kioo na skrini pamoja, akibonyeza bila kuuliza. Nilianza kupumua.

Alasiri moja, mvua ya mawe ikigonga mabati hata hatusikilizani, Bwana Rotich akapanda na kusimama nyuma ya mzee, mikono mgongoni. Mtu akapiga kelele kwamba Malaika anataka moto. Mzee akanyoosha kidole. Sijui kama ni kwa sababu ya kelele, uchovu, au bosi aliyekuwa akimpumulia shingoni. Kidole kilitua kwa Daisy, jirani yake, ambaye alikuwa TAYARI. Mimi niliona. Meneja aliona.

Skrini ikaandika: DAISY YUKO TAYARI. BADO UNATAKA KUMPA MOTO? N AU H.

Mzee Langat akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu akacheka.

"Ah, kumbe hata hii inajua Daisy ameshiba," alisema. Akabonyeza H, hapana, kisha akasogea kwa Malaika na kumwashia moto. Aliendelea na kazi yake kana kwamba ameambiwa na jirani kwamba kamba ya kiatu imefunguka.

Bwana Rotich aliniita pembeni, kwenye ngazi.

"Alikuwa amekosea," alisema.

"Ndiyo, sir. Na hakuna kilichoungua."

Nilitaka kusema mengi, kwamba hakuna mtu asiyekosea mvua ikigonga hivyo, kwamba mashine isiyojua watu hukosea ni mashine ambayo haijakamilika. Sikusema. Nilikuwa mgeni na msichana, na nilimwogopa. Alishuka ngazi, na usiku ule nilikosa usingizi, nikiwa na hakika kwamba nimemkabidhi sababu ya kumfukuza mzee.

Kesho yake aliniita. Kumbe shida yake ilikuwa nyingine. Alikuwa amefuta barua ndefu kwenye kompyuta yake bila kukusudia.

"Hii yangu haikuniuliza," alisema, akiwa na uchungu kabisa. "Kwa nini ya Langat inauliza na ya meneja haiulizi? Nitengenezee."

Nilimtengenezea. Kuhusu mzee hakusema lolote, nami sikuthubutu kuuliza.

Mvua ikaisha. Hakuna kitanda kilichoungua. Lakini meneja alikuwa bado amenyamaza, na Mzee Langat akawa kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Alifika mapema kuliko kawaida, akaacha kutania watu wa magunia, na siku moja nilimkuta amekaa peke yake kando ya Lelgut, mkono umelala juu ya majani, hafinyi wala hatazami. Nilimwuliza kama anaumwa.

"Mtoto wangu wa tatu ameitwa sekondari," alisema. "Sijamwambia ataenda. Sijui kama bado niko na kazi, Moraa. Hakuna mtu ameniambia kitu."

Niliketi karibu naye. Nilihuzunika, na nilikasirika pia, maana kumnyamazia mtu ni kumwadhibu bila hukumu.

Wakati huo mafundi walikuwa wakijenga kitanda kipya upande wa dirisha. Kilipokamilika, Bwana Rotich alipanda kukikagua, na sote tukasimama. Alizunguka. Aligonga mbao. Akatazama feni, akatazama skrini ambapo nilikuwa nimechora kisanduku kipya kisicho na kitu juu yake. Kisha akamgeukia Mzee Langat mbele yetu sote.

"Mzee, hii mpya inaitwa nani?"

Mzee Langat alielewa alichoulizwa. Alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Siwezi kusema saa hii, Bwana Meneja," alijibu. "Huwezi kupea ng'ombe jina kama hujamkamua. Mimi nitakaa na yeye kwanza."

"Kaa na yeye," alisema meneja. "Chukua muda yako." Akashuka.

Watu wa magunia walimzunguka mzee wakimshika mikono, na kongoi, yaani asante za Kikipsigis, zikawa nyingi kuliko kanisani. Mimi nilijifanya napangusa skrini, ambayo wakati huo ilikuwa safi kuliko sahani za kantini. Jioni hiyo mzee alipita Kiptere akanunua sanduku la bati la shule.

Alikaa na kile kitanda. Alikijaza siku ya jua na siku ya ukungu. Alikipa moto kidogo, akakinyima, akafinya majani yake na kuyanusa. Nilimwuliza kila asubuhi na kila asubuhi alisema bado. Nilianza kukasirika, kwa sababu kisanduku kisicho na jina kilikuwa kinaniharibia skrini. Hatimaye alishuka mwenyewe hadi ofisini kwangu, akavua viatu mlangoni ingawa amri hiyo nilikwisha kuifuta.

"Andika Moraa," alisema.

Nilidhani ananiita.

"Andika," alirudia, akionyesha kibodi. "Jina yake ni Moraa. Amekuja juzi lakini baridi yetu ameizoea haraka. Anapuliza na kelele mingi kidogo. Lakini hachomi mtu."

Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, kati ya Malaika na dirisha. Nililia, tena waziwazi, naye akatazama ukutani hadi nilipomaliza. Nimepewa vyeti vingi tangu wakati huo, na vingi sijui viko wapi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikipanda ngazi na kikombe changu cha chai, mtu akapiga kelele kutoka juu, "Moraa amejaa! Anataka moto!" Nilisimama pale pale nikakumbuka siitwi mimi. Halafu nikasikia sauti ya Mzee Langat ikijibu juu ya kelele za mafeni, "Wacheni apumue kwanza. Huyo ni wa kwangu, nitamwangalia mimi."